K ya Mwelu

Kila alipomaliza bango, Kavindu alivuka barabara, akafumba jicho moja na kulitazama kutoka ng'ambo. Hata kibao kidogo cha kinyozi hakukikabidhi kabla ya kukivukia barabara. Tulipokuwa na ofisi ya kubuni mabango Hurlingham, yeye, Nzioka na mimi, madereva wa barabara ya Argwings Kodhek walishazoea kumpigia honi.

Herufi alizozipenda zilianzia kwao Mbooni. Mama yake, Mwelu, alidarizi vitambaa vya makochi kwa misalaba midogo ya uzi, na neno KARIBU likatoka nene, lenye pembe, kama maandishi ya michezo ya kompyuta ya zamani. Kwenye kitambaa kimoja uzi mwekundu ulimwishia, mguu wa K ukabaki mfupi. Kavindu alizihamishia herufi hizo kwenye kompyuta, mraba kwa mraba, akabuni zile ambazo mama hakuwahi kuzishona. Ule mguu mfupi aliuacha vilevile. Fonti hiyo, yaani mtindo mzima wa herufi, akaiita Mwelu. Haikufaa barua, ukiipunguza inakuwa matope. Lakini ikiwa kubwa ilishika jicho: jina la bucha moja Dagoretti lilisomeka hata kupitia moshi wa jiko, na vijana walizivaa herufi hizo kwenye fulana.

Mama alipougua, Kavindu alirudi Mbooni kumuuguza. Faili zote alimwachia Nzioka. Huyo alikuwa mtu wa kwao, aliyekula kwa Mwelu tangu utotoni, akiegemea kitambaa kilekile chenye K ya mguu mfupi.

Tulimzika Mwelu mwezi wa Agosti. Kavindu aliporudi mjini, tulikuwa tukipita Parklands aliposimama ghafla. Bango la mashindano ya michezo ya video lilifunika ukuta mzima wa jengo. Alivuka barabara, akafumba jicho. Herufi zilikuwa zake. Pembeni, chini, paliandikwa jina jipya la fonti na jina la mbunifu, Nzioka. Kazi hiyo Nzioka hakuwahi kuipitisha mezani kwangu. K ilikuwa na mguu mzima.

Ofisini Nzioka hakukana. Alisema miraba ni ya kila mtu, wateja wakubwa hawangojei matanga yaishe, na jina la Mwelu lisingeuzika. Kisha akacheka kidogo.

"Na ile K, dadangu, ilikuwa inachechemea. Mimi nimeitibu tu."

"Umeiegemea miaka yote hiyo," Kavindu akamwambia. "Mgongo ulikuuma?"

Nzioka aligeukia kompyuta yake.

Nilitaka tutafute wakili. Kavindu hakukataa wala hakukubali. Alikusanya vitu vyake, nikamsindikiza hadi kwenye magari ya Machakos. Kitambaa kilikuwa mkobani, kimekunjwa, kipande cha K kikichungulia. Alikirudisha ndani kwa kidole, akapanda, akafungua dirisha.

"Angeiba na K ya mama vile ilivyo," akasema, "ningejua angalau aliipenda."