Baba Katika Jiji la Majambazi

Baba yangu alipopata kiharusi, mimi nilikuwa nimeshachoka. Nalisema hili mapema ili nisimsingizie mgonjwa. Nafundisha sekondari mjini Bukoba, napanga nyumba Nyanga, na madaftari ya madarasa yangu ni mengi kiasi kwamba siku ya kusahihisha nayasafirisha kwa bodaboda. Baada ya ugonjwa ule kuingia nyumbani, kila Ijumaa nikitoka shuleni nilikwenda moja kwa moja Kagoma, kwa wazazi, ili mama apate kupumua. Jumapili nilirudi. Kaka yangu yuko Mwanza. Yeye alikuwa akipiga simu.

Gemu lile nilikutana nalo wakati Taata, ndivyo tunavyomwita baba kwa Kihaya, amelazwa hospitali ya Rubya. Nilikuwa benchini nje ya wodi, nasubiri saa ya kuona wagonjwa, natazama video inayofundisha namna ya kumgeuza mgonjwa kitandani. Tangazo likakatiza. Jiji kubwa kando ya bahari, gari jekundu, na mtu mwenye fulana nyeupe anatembea taratibu kama asiye na pa kuwahi. Chini waliandika: bure. Nikabonyeza. Maisha yangu yote sikuwahi kucheza gemu zaidi ya lile la nyoka kwenye simu za zamani.

Kumbe ni gemu la ujambazi. Unaanza huna kitu. Unaiba gari, kisha bosi mmoja anaanza kukupigia simu na kukutuma: kampige fulani, kaibe pale, wakimbie polisi. Mimi, mwalimu wa nidhamu, nikajifunza kumng'oa mtu kwenye gari lake kwa kitufe kimoja. Lakini sikulipendea hayo. Nililipenda kwa sababu jiji lote lilikuwa wazi. Unaweza kuacha kazi ya bosi katikati ukaenda ufukweni, ukapanda kilima, ukasimama tu. Simu ya bosi ikiita usipoipokea, hanuni. Kwa mtu ambaye siku hizo simu ikilia moyo unaruka, hiyo ilikuwa likizo.

Taata aliporuhusiwa kurudi nyumbani alielekezwa mazoezi ya mkono wa kulia: kuminya mpira, kugusanisha kidole gumba na vidole vingine. Alikataa katakata. "Mimi si mtoto wa chekechea," alisema, kwa ulimi uliokuwa bado mzito. Akawa anakaa barazani kutwa nzima, akitazama mibuni, mkono umelala pajani kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa akishike.

Jumamosi moja mama alikuwa anamenya ndizi, nami nimekaa karibu na Taata nacheza, sauti nimeipunguza. Akageuza kichwa.

"Hilo gari linalalamika. Nani anaendesha?"

"Ni mimi, Taata. Mchezo wa simu."

"Mbona hubadilishi gia?"

"Linabadilisha lenyewe."

"Ndiyo maana linalalamika. Lete."

Taata alikuwa dereva wa malori. Alipeleka kahawa, akarudi na saruji na sabuni, miaka mingi, kabla barabara haijawa lami. Nikamwekea simu mapajani. Usukani uko kushoto mwa kioo, na kitufe cha kukanyaga mafuta kiko kulia, upande wa kidole gumba kilichokufa. Kidole kilianguka juu ya kitufe kama kitambaa kibichi. Gari likaruka, likasimama, likaruka tena, likagonga nguzo ya taa.

"Nguzo imehama," akasema, akacheka. Mama aliacha kumenya. Hatukuwa tumekisikia kicheko hicho tangu augue.

Nikampa simu yangu ya zamani, gemu likiwa ndani. Alicheza namna yake. Taa nyekundu ikiwaka alisimama, na magari ya nyuma yakipiga honi aliyaambia kwa Kihaya yawe na adabu. Watu aliwapisha wavuke. Simu za bosi hakuzipokea. "Mtu gani huyu, anapiga wakati naendesha," alinung'unika. Tulipomrudisha kliniki, mtaalamu wa mazoezi alikishika kile kidole gumba, akakisukuma, kikamsukuma. Akauliza mgonjwa anafanya nini nyumbani. "Anaendesha," nikajibu, na sikuwa na nguvu ya kueleza zaidi.

Ila hicho cha bure kilikuwa na mambo yake. Kila baada ya safari fupi tangazo lilimvamia, na alama ya kulifunga ni ndogo kuliko punje ya ulezi. Kidole chake kilikosea, kikafungua vitu vingine, na kila Ijumaa nilikuta simu imejaa takataka ambazo hakuna aliyezitaka. Kifurushi nilichomwekea kilikwisha kabla sijarudi Bukoba. Simu ilipata moto hadi akaishika kwa kitenge cha mama. Na siku wanajumuiya walipokuja kumwombea, aliitia mfukoni mwa shati bila kuizima. Katikati ya rozari, kifua chake kikaanza kupiga risasi. Bibi mmoja alijitupa chini ya meza. Kisha sauti ya mwanamke ikacheka mle mfukoni, kicheko kisichofaa mbele ya rozari.

Wageni walipoondoka mama alinigeukia. "Mwalimu mzima unamletea baba yako majambazi ndani ya nyumba?"

"Anafanya mazoezi, Mawe," nikamjibu, nikimwita mama kwa Kihaya.

"Mazoezi ya kwenda motoni."

Nikaenda kusahihisha. Nilikuwa na mitihani ya majaribio ya kidato cha nne kwenye begi, na kichwa kinagonga.

Kitu alichokitaka Taata mle ndani kilikuwa lori. Malori yalikuwepo, yanapita barabara ya bandarini. Aliyafuata kwa kigari chake, akitaja uzito wa mzigo na kumsahihisha dereva kwenye kona. Lakini lori halikuwahi kuegeshwa mahali. Ukilitaka, unamnyang'anya dereva wake. Au ufanye kazi nyingi za bosi, uue na uibe, mpaka uzawadiwe. Aliniuliza mara nyingi kama hakuna njia nyingine. Sikujua nyingine.

Jumamosi nyingine nilikuwa nimesahihisha tangu asubuhi. Akaniuliza tena, lori limesimama mbele yake kwenye foleni. Nikaichukua simu mkononi mwake, nikashuka kwenye kigari, nikakimbilia mlango wa lori, nikabonyeza. Dereva akavutwa, akatupwa barabarani, akainuka akakimbia ameinama, mikono miwili kichwani.

"Haya, Taata. Lori lako hilo."

Hakuipokea simu. Alikuwa anatazama pale dereva alipoangukia. Tangazo likaingia, sabuni sijui nini, likapiga muziki wake likaisha.

"Na mimi nilikimbia hivyo hivyo," akasema.

Nyumbani tulijua kwamba aliwahi kutekwa kwenye msitu wa Biharamulo. Alikuwa na sentensi moja tu ya habari hiyo: walichukua lori, Mungu akaniachia roho. Watoto tukiuliza zaidi, alitutuma maji. Siku hiyo alieleza, maneno yakitoka moja moja. Ilikuwa mchana. Walilaza magogo barabarani. Mlango ukafunguliwa, mtu akamshika mkanda wa suruali, akamshusha. Wakamwambia kimbia. Akakimbia ameshika kichwa kwa mikono, akiamini mikono itazuia risasi.

"Bunduki siioti tena," akasema. "Ni yule aliyenishusha. Hakuniangalia usoni. Alinitoa kama anatoa gunia apate nafasi. Kama wewe sasa hivi. Wewe ulikuwa unaangalia lori."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya ndizi. "Mimi uliniambia walikuomba ushuke," akasema.

"Ulikuwa mjamzito."

Mama akaiweka sinia chini. Tukala. Nilitaka kusema kwamba ni picha tu, hakuna mtu aliyeumia, maneno yale yale ninayoambiwa na wanafunzi nikiwanyang'anya simu. Nilisikia uchovu mpaka kwenye meno.

Wiki kadhaa hakuligusa gemu lile. Kile kidole gumba kikaanza kulegea tena, na mimi nikahangaika kumtafutia gemu la malori lisilo na uhalifu. Nikalipata. Barabara ndefu, milima mizuri, mizigo ya kufikisha. Aliendesha kidogo akanirudishia.

"Huku wamekufa wote?"

Nikatazama. Kweli, hapakuwa na mtu hata mmoja kando ya barabara ile, wala muuza ndizi, wala mtoto, wala mbwa.

Basi akarudi kwa majambazi, lakini hakupanda gari tena. Alitembea. Yeye ambaye kwenda chooni alishika ukuta na kuburuta mguu, mle ndani alitembea ufukwe mzima, akapita masoko, akasimama kutazama watu wakinunua vyakula. Nikipiga simu kutoka Bukoba kuuliza hali, mama alisema, "Ametoka." Wakati mwingine alimgusa mtu kwa bahati mbaya, akapigwa ngumi, polisi wakaja. Hakukimbia. Aliwasubiri. "Wamenikamata tena," alinieleza, kama anavyoeleza kwamba mvua imenyesha.

Mkono haukurudi wote. Anashika kikombe kisichojaa. Anafungua vifungo vya shati, kuvifunga ni kazi ya mama.

Masika yaliyopita betri ya simu ile ilivimba, ikakibinua kioo. Niliipeleka kwa fundi Muleba mjini, akakataa hata kuigusa. Nikarudi nikamwambia Taata nitamletea nyingine, anisubiri kidogo tu, shule ikifunga nitaangalia.

Alinitazama usoni. Macho yake hayakuguswa na ugonjwa.

"Mwana wange, lini ulilala mchana?"

Sikukumbuka.

"Nenda kalale."

"Nina gari la kuwahi, Taata. Kesho nina vipindi."

"Magari nayajua mimi. Kalale."

Nikaingia chumba cha nyuma, chumba cha usichana wangu, ambacho sasa wanahifadhia maharage. Nikasogeza gunia moja, nikajilaza bila kuvua viatu. Nilimsikia mama akiuliza kitu na Taata akimnyamazisha. Nilipoamka giza lilikuwa linaingia na magari ya Bukoba yalikuwa yameshapita. Asubuhi nilimpigia mkuu wa shule nikamwambia sitafika. Aliuliza nani anaumwa. Nikamjibu hakuna, na nikakata kabla hajauliza tena.