Muuguzi Aliyeagwa Akabaki

Wakiuru binti Beth ni muuguzi, na mzazi yeyote aliyepeleka mtoto kuchanjwa hapa Naro Moru miaka hii ya karibuni anaujua mkono wake. Baba yake, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa mtoto wa ndugu yangu, kwa hiyo yeye huniita guka, maana mimi ni babu yake. Ni msichana mrefu, wa kutembea haraka. Sijawahi kumwona akimaliza kikombe cha chai akiwa ameketi. Hunywa nusu, akasimama, akachungulia nje kama mtu anayengoja gari, kisha akakimalizia mlangoni.

Simlaumu. Nani anayetulia siku hizi? Zamani mabango ya kando ya barabara yetu ya Nanyuki yalikuwa ya mbegu za viazi na dawa ya kupe. Leo ni ya Kanada, Ujerumani na Uingereza, na kwenye kila bango kuna kijana aliyevaa kofia ya mahafali akicheka meno yote. Tulikuwa tukilimiana kwa zamu, tukiita ngwatio: leo kwa Theuri, kesho kwa Mugo, na asiyetokea alijulikana. Sasa ukitaka kuvuna viazi unatafuta vibarua kwa simu, na vibarua wenyewe wanakuuliza kama unamjua ajenti mzuri.

Ajenti wa Wakiuru alikuwa Nyeri mjini, ghorofani juu ya duka la viatu. Alimpangia kila kitu. Wakiuru angeomba nafasi katika chuo kimoja cha Kanada, asomee utunzaji wa wazee. Angepewa viza ya mwanafunzi. Akimaliza angepewa ruhusa ya kufanya kazi, na akishafanya kazi angehesabiwa miongoni mwa watu wenye ujuzi unaokosekana kule, aruhusiwe kukaa moja kwa moja. Alinieleza haya yote nikichoma majani makavu nyuma ya nyumba, naye akizunguka moto kana kwamba unamfukuza.

"Kwa hiyo unaenda kusoma ama unaenda kukaa?" nilimwuliza.

"Guka, mtu anaenda kusoma ndio akae."

"Na kwa fomu umeandika nini?"

"Ajenti ameandika nitarudi. Ati nifungue nyumba ya kutunza wazee hapa Naro Moru."

"Wazee gani hao?"

"Si nyinyi!" Alicheka. "Wewe utakuwa wa kwanza. Nitakuogesha na maji moto."

Nilimwambia najiogesha.

Akafanya mtihani wa Kiingereza, akapasi. Akapimwa kifua, akaenda Nairobi kutoa alama za vidole. Kisha barua ya chuo ikaja, kwamba amekubaliwa. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na hayakuharibiwa na mzungu, yaliharibiwa na sisi wenyewe. Beth, mama yake, alisikia neno moja tu, amekubaliwa, akaondoka na hilo mpaka kanisani.

"Mami, viza bado," Wakiuru alimwambia.

"Shule imekukubali ama haijakukubali?"

"Imekubali."

"Basi viza ni muhuri tu. Utaenda aje bila watu kukuombea? Unataka kutoroka kama mwizi wa kuku?"

Siku hizi huku kwetu mtu haendi ng'ambo bila kuagwa. Ni hema, ni viti vya kukodi, ni sufuria za wali na nyama, ni mchungaji na wazee wa kanisa kumwekea mikono kichwani, ni akina mama kuimba wakimzunguka. Na akishaagwa, hatakiwi kuonekana tena njiani. Ukimwona sokoni juma linalofuata unashtuka kama umemwona mtu uliyemzika. Wachuka, kiongozi wa akina mama wa kanisa, mwanamke wa sauti ya tarumbeta, alitangaza kwamba hema lilikuwa halijakodiwa Jumapili iliyofuata tu, baada ya hapo ni harusi mpaka mwisho wa mwaka. Ikawa Jumapili ile. Viza au bila viza.

Walimpa jaketi zito la mlimani, la yale ambayo watalii huwaachia wapagazi na wapagazi wakayauza barabarani. Walimvisha mbele ya watu, jua likiwaka. Kesho yake alirudisha funguo za zahanati ya mtu binafsi alikokuwa akifanya kazi, na mwenye zahanati akamwajiri Maurine, msichana kutoka Busia, aliyekuwa amengojea nafasi muda mrefu.

Jibu la viza lilikuja Alhamisi. Wamekataa. Afisa hakuridhika kwamba angeondoka Kanada masomo yakiisha. Afisa hakuwa mjinga.

Haya yanayofuata sikuyajua wakati ule. Alinisimulia mwenyewe baadaye, amesimama mlangoni kwangu. Beth alisoma jibu lile, akafunga pazia. Hakulia. Alisema, "Usitoke nje." Siku ya safari ilikuwa imeshatangazwa, ni keshokutwa yake, na binamu mwenye gari alikuwa ameshaombwa. Siku ilipofika wakapakia masanduku, majirani wakapunga mikono, mimi nikiwamo, nikiwa na uchungu wangu kwamba watoto wetu tunawalea ili wakaogeshe wazee wa watu wengine. Gari halikwenda uwanja wa ndege. Lilikwenda Mwea, kwa dada yake Beth aliyeolewa kwenye mashamba ya mpunga, akae huko hadi ombi la pili, ambalo ajenti aliahidi kulipeleka, lijibiwe.

Mwea ni joto na mbu. Yeye ni mtoto wa baridi. Mchana alifungiwa chumbani, jioni alitembea kando ya mifereji hadi miguu ikachoka, akirudi, akienda tena. Akisikia pikipiki anageuza uso. Kila Jumamosi mama yake alipiga simu.

"Tuma picha. Watu wanauliza."

"Picha gani, mami? Ya mchele?"

"Simama kwa ukuta mweupe. Na uvae lile jaketi."

Nyuma ya kinu cha mchele kulikuwa na ukuta uliopakwa chokaa. Alisimama pale, joto la kuivisha ndizi, amefunga zipu mpaka kidevuni, yule dada yake Beth akampiga picha. Kanisani simu ya Beth ilizungushwa mkono kwa mkono. Wachuka alisema kwa sauti, "Oneni vile amenawiri! Hata uso unang'aa!"

Ombi la pili halikujibiwa haraka. Na uongo haukai mahali pamoja. Mathenge, jirani yetu wa upande wa mto, ana mtoto aitwaye Mwai, fundi wa kuchomelea vyuma, kijana mzuri wa mikono, ila hana kazi ya kudumu. Mathenge alinipata dukani akaniambia, "Mzee, kama wa Beth amefika na alikuwa anadunga sindano tu, wangu anayeunga vyuma atashindwa? Ufundi wake uko kwenye orodha yao." Alikwenda kwa ajenti yuleyule. Chuo kikamkubali Mwai. Na kwa kuwa viza hutaka mtu aonyeshe pesa za kujilipia, Mathenge alipata mnunuzi wa shamba lake la juu, lile lenye chemchemi, alikozikwa baba yake. Mauzo yangetangazwa siku ya kumuaga Mwai, na Jumanne wangekwenda mbele ya bodi ya ardhi.

Nilimwambia shamba lenye kaburi haliuzwi. Akasema mimi ni mtu wa kale. Kweli.

Mwai alimwandikia Wakiuru kwa simu: Dada, tumefuata njia yako. Barua ya chuo iko, viza bado, lakini baba ameita watu Jumapili, anauza shamba la juu. Huko kuna baridi sana?

Wakiuru alisoma hayo akiwa kando ya mfereji. Alimpigia mama yake palepale.

"Mami, nakuja."

"Uje wapi?"

"Nyumbani. Mathenge anauza shamba kwa sababu yangu."

"Si kwa sababu yako, ni lake. Ngoja jibu la pili. Likikuja utaenda, na hakuna mtu atajua kitu."

"Na lisipokuja? Atakuwa hana shamba na kijana yuko nyumbani."

"Na mimi? Nitakaa wapi kanisani? Nimewaambia uko kwa barafu, Wakiuru. Nimeomba mbele ya watu nikimshukuru Mungu."

"Najua, mami."

"Ukikuja, usiniite mami huko mbele yao." Akakata simu.

Jumapili ile, kwa Mathenge, nilikuwa nimeketi safu ya mbele, kwa sababu wazee huwekwa mbele hata wasipotakiwa. Mnunuzi alikuwa upande wa pili, mtu wa Nyeri mwenye viatu visivyo na vumbi. Mathenge alikuwa amesimama na kipaza sauti, akieleza kwamba shamba ni udongo na mtoto ni maisha. Ndipo pikipiki ikasimama getini, akashuka msichana mrefu, mweusi kwa jua, akaja moja kwa moja hadi katikati ya hema. Watu waliinuka. Mwanamke mmoja alipiga ishara ya msalaba.

"Wewe si uko Kanada?" Mathenge aliuliza, bado ameshika kipaza sauti, kwa hiyo swali likasikika hadi barabarani.

"Sijawahi kutoka Kenya, baba Mwai."

"Kumbe Kanada kuna bodaboda!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma.

"Walinikatalia viza," Wakiuru alisema. "Nimekaa Mwea wakati huu wote."

"Na zile picha?" Hiyo ilikuwa sauti ya Wachuka.

"Ni ukuta wa kinu cha mchele."

Mtu alicheka, akafuata mwingine, kisha hema zima, kicheko kibaya cha watu waliodanganywa. Wakiuru alingoja kiishe. Hakutazama chini.

"Umekuja kuharibia mtoto wangu," Mathenge alisema, "kwa sababu safari yako iliharibika."

"Sijakuja kumzuia. Aende. Lakini viza itoke kwanza. Mimi pia chuo kilinikubali. Chuo si serikali. Shamba likiuzwa leo, wakikataa kesho, nani atakurudishia?"

"Hii yetu imekubaliwa!"

"Baba," Mwai alisema, akasimama. Alikuwa amevaa suti iliyombana mabegani. "Na yangu ni barua ya chuo tu. Viza bado. Nilikuambia."

Mchungaji alifunga Biblia yake polepole. Mathenge alimtazama mtoto wake, akamtazama mnunuzi, akatazama kule juu shamba lilipo, ingawa hema lilimziba asilione. Nilidhani angempiga mtu. Mwishowe alimwambia mnunuzi, "Jumanne tuache kwanza." Yule mtu wa Nyeri aliinuka, akapangusa suruali yake, akaenda zake bila kula. Kisha Mathenge akamgeukia Wakiuru. Hakumshukuru. "Leo kaa mbali na mimi," alisema, akaketi kwa uzito kama gunia.

Hapo ndipo msichana alipobaki peke yake katikati ya hema. Hotuba hakuna, mnunuzi hakuna, wa kuagwa amevua koti. Nilitaka kuinuka nimshike mkono, lakini magoti yangu huinuka kwa mashauri marefu. Beth alikuwa kule jikoni kwenye moshi, kati ya wapishi, amejifunika leso hadi machoni. Watu walimtazama Wakiuru, wakamtazama Beth, wakaanza kunong'ona.

Wachuka alitoka na mwiko wa wali. Nilijua atamtukana, na alimtukana. "Wewe! Tumekuombea mpaka magoti yakaota sugu. Nimeambia watu unanawiri, kumbe ni jasho! Sasa unasimama hapo kama mlingoti. Uko ama hauko?"

"Niko, mama."

"Basi kama uko, uko. Shika hii. Watu wako na njaa."

Wakiuru alishika mwiko, akaenda nyuma ya sufuria. Kazi ya pale ilikuwa ya watu wawili, mmoja apakue na mwingine apokeze sahani, na aliyekuwa na sahani mkononi alikuwa Beth. Alimpokeza ya kwanza bila kumtazama. Akampokeza ya pili, na ya tatu. Foleni ikasogea. Mimi nilipofika, nilisikia Beth akimwambia, kwa sauti ya chini, ya ukali wake wa kawaida, "Nyama weka kidogo. Unaona watu ni wengi."