Vita vya Gadabo Mkekani kwa Somoe

Nilikuwa jirani yake Somoe huko Temeke tangu enzi ambazo kutoka kwake kuja kwangu ulipita katikati ya mihogo, na nawaambia kweli: sijapata kumwona mwanamke aliyechoshwa na vita kama yule, na bunduki hakuwahi kuigusa. Kazi yake ilikuwa kusuka mikeka. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, na ulimi mwepesi zaidi. Mteja akimwambia mkeka umepinda, Somoe humjibu kwamba kilichopinda ni jicho lake, na mkeka ule ule hununuliwa.

Mumewe, Hija, aliingia Keya, jeshi la Waingereza, mwaka ule Mtaliani alipotoka Uhabeshi na kuvuka mpaka kuingia Kenya. Akapelekwa huko kaskazini kwenye kijiji kiitwacho Gadabo, ambacho mpaka ulipita pembeni yake tu. Wenziwe walirudi, yeye hakurudi. Karani wa bomani akaja kumwambia Somoe kwamba mumewe amepotea. Somoe akamuuliza, "Amepoteaje, kwani ni mbuzi?" Karani akasema yeye hajui, ameambiwa aseme hivyo, akapanda baiskeli yake akaenda zake.

Sasa ndipo mateso yalipoanza. Mke wa mtu hachumbiwi. Mjane hukaa eda, akatoka, akaolewa. Somoe hakuwa huku wala kule, na Pazi, seremala wa Kurasini, alikuwa anamtaka. Naye Somoe alikuwa anamtaka Pazi, ingawa mbele yangu alijifanya kumcheka kwa ukimya wake. Sheikh wa msikiti wetu alishasema wazi: waje watu wawili waliomwona Hija amekufa, waape, mwanamke akae eda, mambo yaishe.

Watu hao wawili walikuwepo! Hilo ndilo lililokuwa likinipandisha damu kichwani. Sadallah wa Chamazi, mtu wa sauti nene na kicheko kikubwa, na Mwishehe wa pale pale Temeke, mwembamba, aliyerudi na mguu mbovu. Wote wawili walipigana Gadabo bega kwa bega na Hija. Na kila Ijumaa, baada ya sala, walikuja kwa Somoe kumweleza yaliyotokea.

"Hodi, shemeji!" Sadallah ataita akiwa bado yuko kwenye mihogo. "Leo nakueleza yote, usiwe na wasiwasi."

Somoe atawatandikia mkeka, atawapa chai na vitumbua, na vita vitaanza. Kinu kiliwekwa kuwa ngome ya Waingereza. Vifuu vya nazi vilikuwa nyumba za Gadabo. Mbuzi ya kukunia nazi ilikuwa kifaru cha Mtaliani, na Sadallah aliikokota huku akinguruma mpaka kuku wangu wakakimbia. Bakuli la maji lilikuwa kisima, maana kijiji kizima kilikuwa na kisima kimoja, na ndicho walichokuwa wakigombea. Askari walikuwa korosho. Unga wa muhogo ulimwagwa mstari kuwa mpaka, na kazi ya kuufagia ilikuwa ya nani? Ya Somoe.

Halafu wataanza kubishana. Sadallah anasema kifaru kilitokea upande wa duka la Msomali. Mwishehe anasema hapana, kilitokea makaburini.

"Wewe ulikuwa umelala kifudifudi, ungeonaje?" Sadallah anamuuliza.

"Nilikuwa nimelala kifudifudi kwa sababu mie ndiye niliyekuwa mbele! Wewe ulikuwa ngomeni unakula biskuti."

Na wakibishana Sadallah hula korosho. Siku moja alimaliza askari wote wa upande wetu kabla Mtaliani hajafika. Somoe akawa anawatazama tu, ukili wa mkeka mkononi. Magharibi ikiingia wanainuka, wanashukuru kwa chai, wanasema, "Inshallah Ijumaa, shemeji, tutafika kwa Hija." Wakati huo Pazi yuko Kurasini anangoja, na dada zake wameshamtafutia mke mwingine.

Mimi nilidhani ni upuuzi wa wanaume, kupenda kusikia sauti zao. Nikamwambia Somoe, "Shoga, wafukuze hawa, watakumalizia vitumbua bure." Yeye alikuwa ameshaona kitu ambacho mimi sikukiona: kila Ijumaa vita vile hukwama mahali pamoja. Wakifika kwenye kisima, Mwishehe anataka kwenda kutia udhu, au Sadallah anazua ugomvi mpya.

Ijumaa iliyofuata aliwaacha wapange kila kitu. Walipofika kisimani, Sadallah akaanza kuuliza kama kuna chai zaidi. Somoe akaweka ukili chini. Akachukua korosho moja kwenye ungo, akamtia Mwishehe kiganjani.

"Huyu ni Hija," akasema. "Niwekee pale alipokuwa."

Sadallah akacheka. "Shemeji, bado hatujafika huko, kwanza kifaru..."

"Kaka Sadallah, nyamaza. Kifaru chako nimekichoka. Mwishehe, weka."

Mwishehe aliishika ile korosho muda mrefu. Kisha akaiweka kando ya bakuli. Halafu, bila kuambiwa, akazikusanya korosho nyingine zote kwa mkono, akazivusha polepole nyuma ya kinu, mbali na unga. Moja ikabaki pale peke yake.

"Amri ilikuja turudi nyuma," akasema. "Mtaliani alikuwa ameshaingia kwenye nyumba. Hija alikuwa amepigwa risasi mapaja yote mawili."

"Alikuwa amekufa?"

"Hapana, shemeji. Alikuwa anaomba maji. Nikamwambia ngoja, tunarudi kukuchukua."

Kumbe wale watu hawakuwa wapuuzi. Walikuwa waoga, tena waoga wenye haya, na hilo lilinikasirisha mara mbili zaidi, kwa sababu mpuuzi unaweza kumcheka.

Sadallah ndiye aliyeinua kichwa kwanza. "Mtu wa hali ile hawezi kupona. Kesho twende kwa Sheikh. Tutaapa kwamba tulimwona amekufa. Utakaa eda yako, utaolewa. Sisi ndio tuliokuwepo, nani atatukatalia?"

Mimi nilikubaliana naye, sifichi. Usiku nilimsihi Somoe awaache waape. Alinitazama kwa hasira, akasema, "Nenda ukalale, Hamisa."

Kesho yake tukakaa mbele ya Sheikh, na Pazi alikuja, kofia mkononi. Sadallah akaapa haraka haraka. Zamu ya Mwishehe ilipofika, kiapo kikamshinda. Akamgeukia Somoe.

"Sema ulichoniambia," Somoe akasema.

"Nilimwacha hai," akasema Mwishehe, na akaanza kulia mbele ya watu wazima.

Sheikh akamkaripia Sadallah kwa kiapo chake mpaka ile sauti nene ikawa nyembamba. Kisha akamgeukia Somoe kwa upole. "Mwanangu, kwa ushahidi huu siwezi kukuita mjane. Lakini ipo njia. Mume hajulikani aliko, wala hakulishi. Liwali huko mjini anaweza kuivunja ndoa hii. Ila mimi siwezi kukuombea, wala hawa hawawezi. Ni wewe uombe kuachana naye, kwa kinywa chako."

Pazi alikuwa anaitazama sakafu. Mimi nilimfinya Somoe mkono, nikitaka aseme, asiseme, sijui nilitaka nini.

"Nitaomba," Somoe akasema. Halafu akawageukia wale wawili, na ukali wake wote niliouzoea ukatoka. "Nyie mlimwacha Hija, na mie namwacha. Lakini mie naja kusema mchana, mbele za watu. Sikumwambia angoje."

Alikwenda kwa liwali, ndoa ikavunjwa. Pazi alimngoja mpaka mwisho, naye Somoe akahamia Kurasini kwa mumewe mpya, ambako alizaa na kuzeeka na kugombana na kila mteja. Lakini kabla ya hapo alikaa eda. Ilikuwa eda ya mwanamke aliyeachika, si ya mjane. Kwa hiyo hakukuwa na matanga wala hitima, na hakuna aliyekuja kumpa pole ya Hija.

Nilikwenda mimi peke yangu. Nikakaa mlangoni, nikampa pole. Akanifokea nisimwite mfiwa, hajafiwa na mtu. Kisha akanishika bega, akalia mpaka kanga yangu ikalowa.