Vidole vya Pathrose

Pathrose hakuwahi kushika jembe wala kuvuta kamba, asije akaota sugu. Mkewe alimtania kwamba ana vidole vya bibi harusi. Lakini vidole hivyo ndivyo vilivyolisha mji wetu wa Alappuzha mzima. Mvua kubwa zikikaribia, alitia baharini bildi, ile timazi ya kupimia kina, akaipandisha, akasugua kilichonata chini yake. Kikiteleza kama samli, tope letu limekuja. Juu yake bahari hutulia, na meli hutia nanga hata mvua ikipiga. Kikikwaruza, ni mchanga. Tope limehamia kwingine, na mawimbi hayana huruma.

Mwaka ule kilikwaruza. Jirani zetu wa Kochi walikuwa wameshafungua bandari yao ya ndani, meli zikatukimbia, na wakala wa ile moja iliyobaki alishasema: hakuna tope, hakuna meli, mwaka huu wala mwingine.

Tulimvamia Pathrose pale gatini. Mimi nilikuwa mbele, sina haya.

"Kaka, sema lipo," nilimwambia. "Watoto wanakunywa maji ya wali na kulala."

"Vidole vyangu havijui uongo, Eliswa."

"Basi mdomo uvisaidie!" alidakia Lonappan, mkwewe. "Baba, wewe tupe meli tu, mawimbi niachie mimi. Mashua yangu inanisikiliza kuliko binti yako."

Tukaangua kicheko. Pathrose hakucheka. Alifuta vidole kwenye shuka yake, akaenda kwa wakala, akasema tope lipo.

Meli ikaja. Mashua ya kwanza kuiendea ilikuwa ya Lonappan, imejaa marobota ya kamba za makumbi. Wimbi la tatu likaipindua mbele ya macho yetu. Wapiga makasia wawili waliogelea hadi ufukweni. Meli iling'oa nanga jioni ileile na hatukuiona tena. Lonappan tulimwokota siku ya pili.

Pathrose alimwosha mwenyewe. Nilipopeleka maji ya moto nilimkuta amepiga magoti, anamsafisha mkwewe mdomo kwa kidole, taratibu, kama mtu anayemlisha mtoto. Niliweka maji kando yake. Ni mimi niliyemtuma kwa wakala.

Alinishika mkono, akaniwekea kiganjani kile alichokitoa mdomoni mwa Lonappan, akanikunja vidole.

"Sugua, dada," alisema. "Kisha uniambie kama tope lipo."