Bolti za Mlango wa Apolonia

Apolonia akishika bolti hufumba macho. Huizungusha kati ya vidole taratibu, akaupapasa uzi wake, ile mikato inayoizunguka, na mteja mwenye haraka shauri yake. Kibanda chake cha vifaa vya magari ya zamani kiko hapa Nyahanga, mkabala na meza yangu ya vitenge, kwa hiyo namjua kuliko anavyopenda. Malori ya Isaka yakipita, bolti hutetemeka makoponi naye hutulia akizisikiliza. Nimemwambia mara nyingi kwamba siku moja wezi watabeba kibanda na yeye ndani, asijue.

Kazi hiyo alifundishwa na marehemu mumewe, Sostenes. Bolti za inchi na za milimita hufanana mno, alikuwa akisema, lakini inayolifaa tundu lake huingia kwa vidole tu. Ikikwama mapema, usikimbilie spana, tafuta nyingine.

Sostenes aliacha Landrova kuukuu, yenye bolti za inchi tupu. Kuku walitaga ndani yake, na mlango wa abiria ulishikiliwa na kamba. Mwaka huu Apolonia aliota yumo garini, upepo unampiga usoni, na nje ya dirisha la mlango ule barabara ya Kharumwa inapita polepole. Kharumwa ndiko alikozikwa Sostenes. Alipoamka alisema ataenda kaburini kwa gari hilo, kwenye kiti chake kilekile cha abiria, au hataenda kabisa. Tulimshauri apande basi kama binadamu wengine. Tulipoteza pumzi zetu bure.

Mkwewe Boaz, mume wa binti yake Juliana, ni fundi. Injini aliifufua, akalileta gari hadi kando ya kibanda. Zikabaki bolti za bawaba za ule mlango, na hapo ndipo penye kazi, maana kwa Wasukuma mwanamume hamsogelei mama mkwe wake. Boaz aliweka bolti ya zamani juu ya kigoda, akarudi nyuma, akatazama chini. Apolonia akaichukua, akafumba macho, akatabasamu. Kimawazo hakuwa pale. Alikuwa njiani Kharumwa, na mtu aliyempenda ameshika usukani. Mkono wake ukaingia kwenye kopo la karibu, ukatoa bolti, ukaziweka kigodani bila kuzipima.

Boaz aliijaribu ya kwanza kwa vidole. Ilizunguka kidogo ikakwama. Akaitazama, akakitazama kigoda. Ilikuwa ya milimita, hilo lilionekana hata kwangu mimi muuza vitenge. Lakini utamwambiaje mama mkwe kwamba amekosea? Boaz akachukua spana, akakaza. Heshima nyingine ni hasara tupu. Bolti ikalia kwa uchungu, na uzi wa nati iliyomo ndani ya bodi ukaliwa wote.

Apolonia akafumbua macho. Akatoka, akakipita kigoda, akasimama karibu na mkwewe kwa mara ya kwanza tangu harusi. Boaz akageuza uso.

“Ulijua kwamba siyo?”

“Nilijua, mayu.”

Mayu ni mama kwa Kisukuma, na alilitamka kwa sauti ya mtu anayeomba ardhi immeze. Nilingoja Apolonia amfokee. Mimi ningemfokea mpaka jioni. Yeye aliegemea gari tu, machozi yakaanza kumtoka.

“Sostenes alikuwa ananiambia nikikosea,” alisema. “Tangu afe, wote mnaniheshimu. Hakuna anayeniambia kitu.”

Moyo uliniuma sana. Boaz naye alifuta mikono yake kwenye suruali kwa muda mrefu, kisha akaeleza kwamba ile nati inaweza kubadilishwa, wala gari halijaharibika. Akaifungua upya, akatia nyingine. Apolonia hakurudi kibandani. Alikaa pale chini na kopo la bolti za inchi mapajani, akachagua moja, akampa mkononi.

Boaz aliitia, akaizungusha kwa vidole. Akasita. Akaichomoa.

“Hii siyo, mayu. Ni nene.”

Apolonia akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu mazishi, akaingiza tena mkono koponi.