Karibu ya Bi Mwanahawa

Kila asubuhi, kabla hajainua bati la dirisha la dobi, chumba cha kufulia anakofanya kazi, Bi Mwanahawa huligonga mara mbili na kusema, "Karibu." Nje huwa hakuna mtu.

"Naikaribisha riziki," aliniambia nilipohamia nyumba yao ya kupanga mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, Doha. "Ikija nimenuna, itapita."

Aliingia kitengo cha huduma cha kambi ya ndege za kivita, nje ya mji, mwaka 2004. Dobi ilikuwa hema wakati huo, na mashine zilitapika mchanga mwingi kuliko maji. Baadaye yakaja majengo, viyoyozi na hilo dirisha. Marubani walikuja na kuondoka, na soksi zao zote zilipita mikononi mwake, nyingine bila mwenzake.

Mwanzoni mwa 2012 wakubwa wa pande mbili za Ghuba walikuwa wakitishana. Kambini king'ora cha mazoezi kikawa kama adhana ya sita. Kikilia, unavaa barakoa ya gesi, unakimbilia handaki. Likizo nyingi zilisitishwa. Ya Bi Mwanahawa ilisalia kwa sababu binti yake, Hidaya, alikuwa anaolewa Tanga Ijumaa ile. Hata hivyo mkuu wa kitengo alimwonya: ikitokea dharura moja tu, hakuna atakayeondoka.

Jumanne lori la shuka likachelewa. Bi Mwanahawa alikwenda mbio hadi barabarani kulitazama, akarudi mbio, akabonyeza redio ya mkononi kumwita dereva, Nahashon wa Kisii.

"Karibu," alisema akihema. "Karibu haraka."

Getini alikuwepo mlinzi mgeni, Abdelbagi, Msudani, anasikiliza redio ileile. Kwa Kiarabu chao, garib ni kitu kilicho jirani, na haraka ni kitu kinachojongea. Alichosikia yeye ni mwanamke anayetweta kwamba kuna kitu kinajongea, tena kiko jirani. Akapiga king'ora.

Watu wakatoka kama siafu waliomwagiwa maji. Mmoja alikuwa na povu la kunyolea shavu moja. Mwingine alijifunga shuka, maana sare zake zote zilikuwa dobi. Bi Mwanahawa alifika handakini mapema, barakoa imepinda juu ya mtandio, akasimama mlangoni akiwapokea. "Karibu, baba. Karibu, mwanangu. Sogeeni, wengine wakae."

Abdelbagi aliingia mwisho. Aliposikia neno lile akamnyooshea kidole. "Ni huyu."

Wakapelekwa kwa mkuu wa kitengo, Nahashon, aliyekwisha fika, akiwa mkalimani.

"Mathe, umeanzisha vita na shuka," alinong'ona.

"Nyamaza wewe. Mwanangu anaolewa Ijumaa."

Mkuu alikwisha shika kalamu kuifuta likizo. Ila kwanza alitaka jambo lile lisirudiwe: kuanzia leo, atumie Kiingereza. Kuita lori atasema "come". Ajaribu sasa hivi.

Abdelbagi akarudishwa getini kusikiliza. Bi Mwanahawa akabonyeza redio, akalisema neno kwa adabu zake zote.

"Kam. Kam."

Kwa Kiarabu, kam ni kuuliza ngapi. Redio ikakwaruza, sauti ya Abdelbagi ikajibu kwa heshima: "Wahid, mama." Moja.

Nahashon alipotafsiri, mkuu aliinamisha kichwa mezani, mabega yakimtikisika. Alipokiinua, macho yalikuwa mekundu. Akasema likizo iko palepale. Aende arusini hata kesho, kambi ipumzike kidogo.

Ijumaa Bi Mwanahawa alikuwa Tanga, akicheza mdundiko mpaka kiatu kikakatika.

Kisa hiki amekwisha kutusimulia mara nyingi, na nyumba nzima hucheka. Mimi nilibaki na swali moja, nikalihifadhi mpaka siku tuliyokuwa wawili jikoni, tunachambua mchele. Pale handakini hakujua kama ni kosa. Alidhani kombora linakuja kweli. Sasa kwa nini alisimama mlangoni kukaribisha watu?

Akatoa chuya moja, akaitupa.

"Si walikuwa wanaingia," alisema. "Ningewaambia nini?"