Simu ya Jumamosi, Saa Saba

Suad binti Abeid wa Stratford, London, hakuumbwa kukaa kimya. Miaka ishirini na miwili alikaa dirishani katika ofisi ya nyumba za council, yaani za serikali ya mtaa, akiwasikiliza watu waliokuja na barua mkononi na hasira usoni, na wengi wao walitoka pale wakicheka ingawa nyumba hawakupewa. Alipostaafu, watoto wake watatu walikuwa wamekwisha kwenda zao, wa mwisho, Hayat, akiwa Leeds kwa mumewe. Akabaki na Abdulwakil, mume aliyefanya kazi kwenye treni za chini ya ardhi maisha yake yote, na ambaye maneno yake ya siku nzima unaweza kuyahesabu kwa vidole na vidole vikabaki. Mwezi mmoja wa kusema peke yake ulimtosha Suad. Akajiandikisha kwenye shirika linalowatafutia nyumba wanafunzi wa kutoka nje, akakipaka rangi chumba cha juu, akaanza kupokea watoto wa watu.

Wakaja Waitaliano wawili waliomaliza mkate wote wa nyumba. Akaja Mbrazili aliyelala na koti mpaka Mei. Septemba iliyopita akaja Jiayin.

Jiayin alikuwa na miaka kumi na sita, mtoto wa pekee, kutoka Changsha, mji wa China ambao Suad hakuwahi kuusikia mpaka alipoambiwa kwamba una watu wengi kama London, akaona haya kidogo. Mama yake ana duka la miwani. Baba yake hujenga madaraja mikoa ya mbali na hurudi nyumbani mwaka mpya unapoingia. Siku ya kwanza Suad aliweka mezani wali wa nazi na samaki wa kupaka, na pembeni chupa ya achari yake ya pilipili, ile ambayo Abdulwakil mwenyewe huionja kwa ncha ya uma. Akamuonya mtoto. Mtoto akaonja, akafumba macho, halafu akachukua kijiko cha supu.

"Kama kwetu," akasema kwa Kiingereza.

Suad alimpigia simu Hayat hapo hapo kumwambia amepata mdogo wake. Hayat, ambaye Kiswahili anakisikia chote na hakijibu hata kimoja, akamwambia, "Mum, she's been there four hours."

"Saa nne zinatosha," akasema Suad. "Wewe nilikupenda kwa dakika tano."

Ile ilikuwa miezi mizuri. Jiayin alikuwa na rafiki, Peiwen, wa darasa lake na wa nchi yake, aliyekaa kwa familia nyingine mtaa wa pili. Asubuhi walikwenda skuli kwa basi moja, na jioni walikaa chumba cha juu wakicheka mpaka Abdulwakil akaongeza sauti ya mpira. Suad alikuwa akipanda na sahani ya maandazi bila ya kuombwa, akashuka na sahani tupu, na moyoni akasema nyumba imerudi kuwa nyumba.

Januari ilipoingia, vicheko vikakatika. Kila siku Jiayin alirudi kutoka skuli, akavua viatu, akapanda juu, akalala na mwanga wa jua bado uko dirishani. Chupa ya pilipili ikawa inakaa tu. Nywele zake, alizokuwa akizichana kama anazilipia ushuru, zikawa siku tatu hazijaguswa. Suad alipomuuliza, jibu lilikuwa moja, "I'm fine." Sasa Suad alilijua neno hilo tangu zamani zake za dirishani. Mtu akija na barua ya kutolewa nyumbani kwake akasema yuko fine, unamvutia kiti.

Aliyegundua jambo lenyewe ni Abdulwakil, kwa vile watu wasiosema wana nafasi ya kutazama. "Yule mwenziwe haji tena," alisema siku moja akikunja gazeti. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu alfajiri.

Suad hakumkalisha mtoto na kumhoji, maana anajua watu hawasemi wakitazamwa usoni. Alimpa vitunguu thomu vya kumenya, naye akamenya pembeni yake, wote wawili wakilitazama bakuli. Walipofika kitunguu cha tatu, maneno yakatoka. Mama yake Jiayin alijisifu mbele ya wazazi wengine kule China, kwenye kikundi chao cha simu, kwamba mwanawe amepata tisini na mbili za hesabu. Mama yake Peiwen akasoma, akamgeukia mwanawe, akamsema wiki nzima. Peiwen naye, aliyekuwa hana wa kumlipizia ila mmoja, akamtoa Jiayin kwenye kikundi cha wasichana wa Kichina wa skuli. Hawakugombana wala hawakutukanana. Asubuhi moja Jiayin alifungua simu, akakuta hayumo, na kwenye basi wasichana wanane wa kikundi wakawa wanatazama dirisha.

"Na mama yako umemwambia?"

Jiayin akatikisa kichwa. "Yeye alifurahi tu kwa ajili yangu. Nikimwambia, atajua ni yeye."

Suad alilia kwa ajili ya neno hilo, akasingizia vitunguu thomu, ingawa hakuna aliyewahi kulizwa na vitunguu thomu.

Halafu hesabu zikashuka, tisini na mbili zikawa sitini na moja. Mama yake aliziona maksi kwanza, na huzuni hakuiona kabisa, kwa hiyo akazifanyia kazi zile alizoziona. Kila Jumamosi saa saba mchana, kwake yeye ikiwa saa tatu usiku na duka limefungwa, alipiga simu ya video kwenye tableti ya jikoni, akauliza mambo mawili, umekula na hesabu vipi. Mtoto akajibu ndiyo kwa la kwanza, na kwa la pili akainamisha kichwa.

Siku ya Alhamisi akapiga simu Bhavna wa shirika, mwanamke mwema ambaye kwa adabu ya kwao hawezi kumwita Suad kwa jina tupu.

"Suad Auntie, mama anataka placement ibadilishwe, mtoto ahame hapo kwako. Kuna skuli ya bweni huko Kaskazini, wanasomeshwa mpaka saa tatu za usiku chini ya mwalimu. Anataka ahamie likizo ya half-term, katikati ya muhula. Jumamosi akizungumza na mtoto, Jumatatu ananipa jibu la mwisho."

"Na mtoto mwenyewe anasemaje?"

"Nimemuuliza. Amesema sawa."

Hiyo sawa ndiyo iliyomtia Suad hofu. Mtoto angelia, angepiga mlango, angesema hataki, Suad angejua pa kumshika. Huyu alisema sawa kama mtu aliyeambiwa basi limechelewa. Akipelekwa kule, hana hata mtu mmoja anayemjua, akiwa katika hali hii, Suad aliona kwa macho yake kitakachotokea, na hakutaka kukitazama mara ya pili. Mtoto hakuwa wake. Karatasi zote zilisema hivyo. Lakini alikuwa akimwona kila asubuhi.

"Jumamosi nitasema na mama yake mwenyewe," akamwambia Abdulwakil. "Mzazi kwa mzazi."

"Kwa lugha gani?"

"Wewe miaka yote husemi, leo ndiyo unauliza lugha!"

Jumamosi ikafika. Suad alimsukuma Jiayin bafuni akaoshe nywele, kwa sababu hakutaka mama amwone mwanawe vile. Mtoto akachelewa kutoka. Saa saba kamili tableti ikalia, na jikoni hapakuwa na mtu ila Suad, mtandio wake mzuri kichwani. Akabonyeza. Mama akatokea, mwanamke mwembamba mwenye miwani nzuri, nyuma yake rafu za miwani mpaka darini, akashangaa kuona si mwanawe.

Suad alikuwa amejiandaa. Hayat alimwekea kwenye simu yake kile chombo cha kutafsiri, unasema wewe, nacho kinasema lugha ya mwenzio. Alipoifungua orodha ya lugha ili aguse Kiingereza, akakiona Kiswahili, kimeandikwa kwa jina lake, kimekaa zake pale pamoja na lugha za wakubwa. Mwili ukamsisimka kwa fahari. Kiingereza chake kilikuwa cha dirishani, kizuri kwa fomu na barua. Neno kama hili lilitaka lugha ya nyumbani. Akagusa Kiswahili, akaisogeza simu mdomoni, akauweka uso wake wa huzuni.

"Mama Jiayin, mie ndiye Suad. Ndugu yangu, nataka nikwambie kitu, ukae kwanza. Mwanao amekufa moyo."

Simu ikasema Kichina. Kilikuwa kifupi kuliko alivyotarajia.

Mama wa watu akashika ukingo wa meza. Mkono ukamwenda mdomoni. Suad akafurahi kimoyomoyo kwamba ameeleweka upesi hivyo, akaendelea kumfariji. "Pole sana. Tumechelewa kukwambia."

Simu ikasema na hilo pia, bila ya kupunguza.

Ukelele uliotoka kwenye tableti ile ulifika mpaka barabarani. Picha ikapinduka, ikaonyesha dari, ikaonyesha miwani ikianguka rafu nzima. Suad akasimama akashika kichwa, hajui kafanya nini, akawa anasema "Mama Jiayin! Mama Jiayin!" na simu, mtumwa mwaminifu, ikawa inatafsiri na hayo. Ngazi zikalia. Jiayin akaingia mbio, taulo kichwani, maji yanamchuruzika mgongoni, akaitwaa tableti kwa mikono miwili.

Mama akamwona. Akaita jina lake mara moja, kwa sauti ndogo, halafu akakaa chini sakafuni mwa duka lake.

Wakasema kwa kasi, wote pamoja. Jiayin akageuka, macho yamemtoka.

"Auntie, umemwambia nini? Anasema umemwambia nimekufa!"

"Mie? Audhubillahi!" Suad alitaka ardhi imfiche. "Sijasema umekufa! Nimesema umekufa moyo. Si wewe. Moyo." Akajipiga kifuani. "Ndivyo tunavyosema sisi. Mtu yu hai, anakwenda skuli, anakula wali, lakini humu ndani hana tena la kutarajia, kachoka. Tunasema amekufa moyo. Mwambie simu imekosea, mwambie mie mzee mjinga."

Jiayin hakumwambia. Alisimama na taulo lake. "Hata sisi tunasema hivyo," akasema polepole. "Moyo kufa. Maneno hayo hayo."

Kule mama alikuwa akiuliza, bila shaka anauliza amesema nini, amesema nini huyo. Suad akamwona mtoto anafikiri. Angeweza kusema ni kosa la simu, mambo yakaisha, Jumatatu Bhavna akaletewa jibu lake. Njia ilikuwa wazi mbele yake na ilikuwa fupi. 

Halafu akasema. Yalikuwa yale maneno mawili, na Suad asiyejua Kichina hata cha kuombea maji alijua kwamba yametafsiriwa sawasawa, kwa sababu mama aliyekuwa akipiga kelele alinyamaza.

Suad akawaachia jiko lake, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu, akaenda ukumbini.

"Nani kafa?" akauliza Abdulwakil.

"Hajafa mtu. Punguza TV nisikie."

"Wanasema Kichina, Mama Hayat."

"Najua wanasema Kichina! Nasikiliza sauti."

Akaisikiliza. Alisikia sauti ya mtoto ikienda peke yake kwa muda mrefu, ikikatika, ikishika njia tena, na jina la Peiwen ndani yake. Akasikia mama akilia, na mtoto akimtuliza, kisha mtoto akilia na mama akimtuliza. Abdulwakil, ambaye hakuulizwa, akampa mkewe leso.

Baada ya nusu saa Jiayin akamwita. Mama alikuwa amerudi kitini, macho mekundu, miwani imekaa upande. Mara hii simu ya Suad ilifunikwa chini ya kitambaa cha vyombo, na Jiayin mwenyewe ndiye aliyetafsiri.

"Anasema, kwa dakika nzima hakuwa na mtoto." Akamtazama mama yake. "Anasema, katika dakika ile hakukumbuka hata namba moja. Si tisini na mbili wala sitini na moja."

Suad akaisogelea tableti. Akaweka mkono kifuani. Mama naye akaweka wake.

Mambo hayakunyooka yote, wala Suad hakuyatarajia yanyooke. Peiwen siku hizi anamsalimia Jiayin kwenye basi, basi tu. Kila Jumatano Jiayin anaonana na mshauri wa skuli, mama mmoja mpole ambaye Suad anamwonea wivu kidogo. Wiki ya tatu mama yake Jiayin alijisahau akauliza habari za mtihani, binti akamkumbusha kwamba waliahidiana asiulize, wakacheka. Siku nyingine bado analala na jua liko nje, na Suad anamwacha saa moja, halafu anapanda kumgongea.

Lakini Jumatatu ile, baada ya simu, Bhavna alipiga.

"Suad Auntie, mama kafuta kila kitu! Mtoto anabaki. Tangu Septemba nawasiliana naye hajawahi kubadilisha neno. Ulimwambia nini? Nina fomu hapa, panataka sababu."

Jiayin alikuwa mezani, mdomo umejaa wali.

"Nilimwambia mwanawe ka..." akaanza Suad.

Jiayin akainuka, akanyoosha mkono, akaichukua simu sikioni mwa Suad binti Abeid, kitu ambacho hata Abdulwakil hajawahi kuthubutu.

"Andika kwamba mimi sitaki kuhama," akasema. "Andika nimesema mwenyewe."